Msaidizi wa Mbeya unayetaka kusomea fiziotherapia: hiyo ada usiilipe

Mkuu, simama hapo hapo. Wewe ni msaidizi kitengo cha fiziotherapia hapa Mbeya, unataka kuwa mfiziotherapia mwenye leseni, umeuliza chuo gani, mkopo unapatikanaje, na kama utaweza kubaki na zamu za usiku. Halafu mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema kuna chuo cha mtaani kimekupa nafasi na Ijumaa unapeleka ada. Mpe shemeji hiyo hela aifiche.

Mimi niliuza mpunga wangu wote wa Usangu nikalipa chuo cha namna hiyo. Na niliuliza swali la mtu mjanja: "Mmesajiliwa?" Dada wa udahili akanyoosha kidole ukutani, cheti cha NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia elimu ya ufundi, ndani ya fremu ya kioo. Nikatikisa kichwa kama mkaguzi wa serikali. Na kweli kimesajiliwa! Kwa famasi. Fiziotherapia walikuwa hawana kibali, na hilo dada hakuligusa, alinimiminia chai tu.

Mwaka ulipoisha, wenzetu wa famasi matokeo yao ya NTA level 4, ile ngazi ya kwanza ya cheti, yakaonekana kwenye mfumo. Sisi tukapewa karatasi yenye mhuri wa mkuu wa chuo, tena umepigwa kichwa chini miguu juu. Kwa NACTVET hatukuwahi kuwa wanafunzi. Ukikosa matokeo hayo hupandi level 5, stashahada huipati, ile namba ya AVN ya kuombea digrii huipati, na leseni utaisikia kwa wenzako. Hela hairudi. Mkuu wa chuo alituambia tuwe wavumilivu, yeye akiwa amevumilia na gari jipya. Nilianza upya level 4 kwingine, na watoto waliomaliza form four juzi wakawa wananiita mlezi wa darasa.

Na hiyo miaka ya kumshika mgonjwa wa kiharusi kiunoni asidondoke itakubeba wodini, ila kwenye fomu haina kisanduku. Wanaangalia cheti cha form four: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Kama Fizikia ulifeli, rudia mtihani kwanza.

Kwa hiyo usiulize kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama KOZI imeidhinishwa, tena usimuulize wa chuo. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huu, tafuta jina la chuo, halafu uone fiziotherapia imeandikwa kwa jina hilo hilo, siyo famasi, siyo utabibu. Usipoikuta, hata wakikuambia kibali kiko njiani, mwache kibali afike kwanza.

Ukiniambia chuo cha hospitali ya KCMC ni mbali, sawa, Moshi ni mbali na nauli inauma. Ila pale wamefundisha wafiziotherapia miaka na miaka.

Piga picha ukurasa wenye jina la hicho chuo chako uiweke hapa kabla ya Ijumaa. Nasubiri.