Nichukue Leaf ya Mjapani ama ningoje betri ya Mchina?

Swali: Asalaam aleikum fundi. Niko Changamwe, nataka kuagiza Nissan Leaf ya mtumba, ile gari ya umeme, lakini shemeji yangu ananambia betri za Mjapani zishapitwa, sa hivi ni za kampuni za Wachina tu, CATL na BYD. Ni kweli? Na imekuwaje Wajapani wapigwe na walianza wao?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Shemejio hajakosea, ila kakupa nusu ya habari. Walianza wao kweli, Sony waliuza betri ya lithiamu tangu 1991, na Leaf ilipotoka 2010 betri yake ilitoka AESC, kampuni ya Nissan na NEC, lakini 2019 sehemu kubwa ikauziwa Envision wa Uchina, kwa hivyo hata hio unayoita ya Mjapani mwenyewe sasa ni Mchina.

Walivyopigwa ni hivi. Wajapani na Wakorea walishikilia betri za nikeli na kobalti, zabeba umeme mwingi kwa uzani mdogo lakini ni ghali. Wachina wakang'ang'ana na ile ya chuma na fosfeti, LFP, ambayo watu waliidharau ati ni nzito, kumbe ni ya bei rahisi, yavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi. Alafu serikali yao nayo, 2015 ikatoa orodha ya viwanda vya betri, gari ikiwa na betri isiyo ya humo haipati ruzuku, na LG na Samsung wa Korea hawakuwamo! Orodha ikaondolewa 2019, lakini CATL alikuwa ashanenepa, 2024 zaidi ya theluthi ya betri za magari ya umeme duniani ni zake. BYD yeye atengeneza seli za betri na gari pia, na bado amuuzia Toyota. Wazungu walijaribu na Northvolt, kampuni ya betri kule Uswidi, mapesa ya Volkswagen yamo ndani, Machi 2025 ikafilisika.

Sasa wewe wa Changamwe jina la kampuni lisikusumbue sana, adui yako ni joto. Betri ya hizi Leaf za mtumba haipozwi kwa maji, yategemea hewa tu, na wewe utakuwa kwenye foleni ya feri Likoni saa nane mchana mwezi wa pili, jua la utosi. Ukifika yadi washa gari, tazama kulia kwa dashibodi, kando ya mistari ya chaji kuna mingine midogo 12 ya kuonyesha uzima wa betri. Wa kwanza ukizimika, betri ishapoteza kama asilimia 15. Na usishibe na mistari peke yake maanake kuna wajanja huirudisha kwa kompyuta, chukua kidude cha OBD, kile cha kuchomeka kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya simu ya Leaf Spy usome SOH mwenyewe, yaani afya ya betri kwa asilimia, na uisome tena baada ya kuendesha gari siku kadhaa kama muuzaji atakubali. Ikiwa chini ya asilimia 80 mwambie ashushe bei, akikataa mwachie gari lake.