Miche ya Kijiji Inakufa, Michungwa Inastawi

SWALI: Shikamoo Bwana Misitu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili kijijini kwetu, wilaya ya Muheza. Kila masika tunaletewa miche, wananchi wanajitokeza kwa wingi, tunapanda kwenye eneo la kijiji. Kiangazi kikifika, mingine imekauka, mingine imeliwa na mbuzi. Viongozi wanasema wakulima hawana elimu. Tuwaelimisheje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wanaosema wakulima hawana elimu sikubaliani nao hata kidogo. Muheza ni wilaya ya machungwa, na huko juu kuelekea Amani watu wana mikarafuu na midalasini yao. Nani aliwahi kuwaitia mkutano kuwahimiza wapalilie mchungwa? Mchungwa una mwenyewe. Hiyo miche yenu je? Muulize yeyote aliyeipanda, atakwambia ni ya serikali, au ya mradi. Sasa mbuzi akiingia, nani amfukuze?

Anzeni hapo. Mkutano mkuu wa kijiji uamue miti ni ya nani, nani atavuna na fedha ziende wapi, na muhtasari uandikwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi kwenye ardhi ya kijiji, kuutungia sheria ndogo, na mapato yake yakabaki hapohapo kijijini. Wasomee wananchi jambo hili kwa sauti, maana wengi wanadhani kila msitu ni wa serikali.

Kisha kuna mashamba ya kuazima, na hili linaniuma. Aliyeazimwa shamba anapanda mahindi na mihogo kwa amani, lakini siku akichomeka mti wa kudumu mwenye shamba anaona ananyang'anywa ardhi, na anamtoa. Kinamama wanaumia zaidi: shamba ni la mume au la ukoo, na kuni ni juu yao. Usimlaumu mtu wa namna hiyo kwa kutopanda. Mkalishe na mwenye shamba mbele ya halmashauri ya kijiji waandikiane kwamba ardhi ni ya huyu, miti ni ya yule, au wagawane nusu kwa nusu. Matawi ya kuni nayo yatajwe.

Aina ya miti waulizwe wao kabla miche haijaagizwa. Wengi watataka misaji, yaani mitiki, kwa kuwa wanaliona shamba la misaji la serikali la Longuza. Si vibaya, ila msaji wa mbao unangojwa miaka 20 na zaidi, na penye mteremko udongo chini yake huchukuliwa na maji. Mwenye ekari moja unamfaa mgrivea, aupande mpakani mwa shamba; baada ya miaka michache anapogoa matawi akapata kuni, na mahindi yanaendelea katikati. Kandokando ya mto wekeni mkangazi.

Kitalu kiwe cha kikundi cha hapo kijijini, nacho kiuze miche. Mche ulionunuliwa, hata kwa bei ndogo, mtu anaumwagilia.

Muhtasari ukiwa tayari, nenda nao kwa afisa misitu wa wilaya kabla hujaomba mche hata mmoja. Na mwombe mwenyekiti aiweke ajenda hii mapema, watu wakianza kutayarisha mashamba ya vuli hutawapata mkutanoni.