Mkijadili Manga ya Roboti, Anzeni na Mchoro

Sisi marafiki tunaokutana Jumapili jioni Capri Point, hapa Mwanza, kusoma manga, yaani katuni za Kijapani, tumemaliza Pluto ya Naoki Urasawa, iliyotoka kati ya mwaka 2003 na 2009 na kukusanywa katika juzuu 8. Ushauri wangu kwa vikundi vingine ni kwamba swali la kama roboti ana utu lisitangulie. Likitangulia, kila mtu hutetea msimamo aliotoka nao nyumbani, uwe wa dini au wa teknolojia, na kitabu hubaki kimefungwa mezani.

Mtu mmoja achague ukurasa, auweke katikati, aeleze anachokiona kabla ya anachokiamini. Mwanzoni mwa juzuu ya kwanza, mpelelezi Gesicht, ambaye naye ni roboti, anampelekea mjane habari za kifo cha mumewe, askari polisi. Mjane huyo ni roboti wa muundo wa zamani, mwenye uso wa chuma usioweza kukunjamana wala kutoa chozi. Gesicht anapojitolea kumfutia kumbukumbu za marehemu, mjane anakataa. Mwenzetu ambaye ni muuguzi akauliza: huzuni hii tumeiona wapi, ilhali uso haukubadilika hata kidogo? Mwingine, anayefanya kazi mwaloni Kirumba, akashikilia kwamba huzuni ni ya msomaji, mchoraji ametuachia nafasi tu. Muuguzi akamjibu kwamba kila msiba una mfiwa asiyelia, na hakuna athubutuye kusema kuwa huyo hakufiwa. Giza liliingia tukiwa bado kwenye ukurasa ule ule, na suala la utu lilikuwa limeingia lenyewe, safari hii likiwa na pa kushika.

Utaratibu mwingine ni mwepesi. Mgeni aelekezwe kwamba kurasa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na wote muwe mmefikia sura moja, kwa kuwa hii ni hadithi ya upelelezi na ajuaye muuaji ni nadra kunyamaza. Anayefahamu kwamba Urasawa amejenga juu ya hadithi ya miaka ya 1960 ya Osamu Tezuka, mchoraji manga aliyemtangulia, auweke mhadhara wake akiba.

Kwa kikao cha pili, mchukueni North No. 2, roboti wa vita aliyegeuka mtumishi wa mtunzi wa muziki, mzee kipofu; roboti huyo anatamani kujifunza piano. Fungueni pale mzee anapomkemea kwa kuigusa, na aliyekwisha kusoma mbele asiruhusiwe kuzungumza wa kwanza.