Mtetezi anayepinga anatetea nini?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni msichana wa Wete, najitolea katika redio ya jamii na kazi yangu ni kutafsiri habari za nje. Juzi nilisoma hivi hewani: "Vikundi vya utetezi vinavyopinga matibabu ya vijana waliobadili jinsia vimeukumbuka kwa furaha uamuzi wa mahakama ya Marekani." Babu alikuwa akisikiliza barazani. Niliporudi akaniuliza: "Mjukuu wangu, hao wanatetea au wanapinga?" Nikashindwa kumjibu. Nimekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mfikishie babu salamu zangu, maana sikio lake limenasa jambo ambalo wahariri wengi hulipita kila siku.

Kitenzi kutetea kimezaliwa na kuteta. Kuteta ni kunung'unika, kugombana, kumsema mtu. Kikishanyambuliwa kuwa kutetea, mambo yanageuka: sasa unagomba kwa ajili ya mtu, na maneno yako yanamkinga. Ndiyo maana kutetea hakukai peke yake. Mtetezi lazima awe wa fulani: wa yatima, wa wajane, wa wavuvi. Waingereza wana neno moja, advocacy, kwa kazi ya kusemea jambo hadharani, uwe unaliunga mkono au unalipinga, wala neno hilo halidai kutajwa anayesemewa. Sisi tukilifanya "utetezi" mtupu, msikilizaji hubaki akingoja jina la anayetetewa. Babu yako alikuwa akilingoja.

Na ukilijaza pengo hilo kwa akili yako, umeshaingia kwenye kesi yao. Mwaka 2023 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria ya kuwakataza madaktari kuwapa walio chini ya miaka 18 dawa za kusitisha baleghe na homoni ili waishi kwa jinsia isiyokuwa ile waliyozaliwa nayo. Tarehe 18 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha sheria hiyo isimame, majaji 6 kwa 3. Miongoni mwa waliozisimamia familia zilizoshitaki ni ACLU, shirika linalotetea uhuru wa raia. Miongoni mwa wanaoyapinga matibabu hayo ni Alliance Defending Freedom, shirika la mawakili Wakristo, nalo limeubeba utetezi wa uhuru katika jina lake lenyewe. Kila upande unasema unawatetea watoto: huu dhidi ya dawa unazoona madhara yake hayajajulikana vya kutosha, ule dhidi ya kunyimwa tiba unayoona wanaihitaji. Mtangazaji akimpa mmoja cheo cha mtetezi na mwengine cha mpingaji tu, ameshatoa hukumu kabla msikilizaji hajasikia shauri.

Sema "jumuiya zinazopinga", kisha utaje zinachopinga. Jumuiya ni neno letu la visiwani kwa watu waliojisajili kufanya jambo pamoja, na halimpambi mtu wala kumchafua. Wapo wanaosema "vikundi vya shinikizo". Si kosa, ila mimi naliona lina harufu ya kulazimisha.

Lakini neno lililonisumbua zaidi ni vijana. Mkataba wa Vijana wa Afrika unamhesabu kijana kuanzia miaka 15 mpaka 35. Babu yako akisikia vijana anamuona mtu mwenye ndevu, pengine ameoa na ana watoto wawili. Sheria ya Tennessee haimgusi mtu huyo hata kidogo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, basi sema watoto, au taja umri. Tunayo maneno mazuri ya umri huo, barobaro na mwari, lakini kila moja limebeba uanamme au uanamke ndani yake, na hilo ndilo linalogombewa.

"Waliobadili jinsia" nalo lina tatizo la wakati. Hiyo -li- inasema jambo limekwisha, na wengi wa watoto hao hawajatumia hata kidonge. Sema "wanaojitambua kwa jinsia nyengine". Usikimbilie huntha, kwani huyo ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika. Na hanithi usiliguse kabisa: ni tusi, na mtoto wa mtu hatukanwi kwenye redio, awe wa Wete au wa Tennessee.

Dawa zenyewe wengi huziita za "kuzuia" baleghe. Kuzuia kunasikika kama kufunga mlango moja kwa moja. Dawa hizi huisimamisha baleghe muda zinapotumika, na madaktari wamezitumia miaka mingi kwa watoto wanaobaleghe mapema mno. Kusitisha ndiyo tafsiri inayokaa.

Nikuonye na mtego wa majina. American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto, kinayaunga mkono matibabu haya. American College of Pediatricians kinayapinga. Ni chama kidogo kilichoanzishwa mwaka 2002 na madaktari waliojitenga na kile cha kwanza. Ukikiita "Chuo cha Madaktari", wasikilizaji wako watafikiri ni skuli, na wazee watafikiri ni pale watoto wanapokwenda kusoma Kurani. Yaache majina kama yalivyo na useme kila kimoja kimesimama wapi.

Kesho msomee babu hivi, kwa sentensi fupi kama redio inavyotaka: "Mahakama ya Juu ya Marekani iliiacha isimame sheria ya jimbo la Tennessee inayokataza watoto wa chini ya miaka 18 wanaojitambua kwa jinsia nyengine wasipewe dawa za kusitisha baleghe wala homoni. Jumuiya zinazoyapinga matibabu hayo zimeukumbuka uamuzi huo kwa furaha. Familia zilizofungua kesi ndizo zilizoshindwa." Kisha mtazame usoni. Akiuliza tena, niandikie.