Leah Goldberg: Je, Alipuuzwa Akiwa Hai?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mshairi wa Kiebrania, Leah Goldberg, alitunukiwa Tuzo ya Israeli baada ya kufariki. Je, alipuuzwa akiwa hai? Na sifa yake inatokana na mashairi au na tafsiri zake?

JIBU: Ndugu msomaji, hakupuuzwa. Ni kweli kwamba saratani ilimuua Januari 1970 akiwa na umri wa miaka 58, na mama yake ndiye aliyeipokea tuzo hiyo mwaka huohuo. Lakini kufikia hapo alikuwa amekwisha kujulikana kwa miongo mitatu, tangu diwani yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1935, naye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, ambako alianzisha Idara ya Fasihi Linganishi. Watoto nao walimjua kwa hadithi zake, pengine kuliko watu wazima.

La kustaajabisha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba Kiebrania hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Alizaliwa mwaka 1911 Königsberg, mji uliokuwa wa Ujerumani wakati huo, akalelewa Kaunas, Lithuania, na wazazi waliozungumza Kirusi. Kiebrania alikipata shuleni, na alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alikuwa tayari anaandika shajara kwa lugha hiyo. Baadaye alisomea lugha za Kisemiti Ujerumani, akapata shahada ya uzamivu Bonn mwaka 1933, na miaka miwili baadaye akahamia Tel Aviv.

Kuhusu swali lako la pili, mimi sioni namna ya kuzitenga kazi hizo mbili. Aliyewapa wasomaji wa Kiebrania tafsiri ya Vita na Amani, riwaya kuu ya Mrusi Tolstoy kuhusu vita vya Napoleon, pamoja na soneti (mashairi ya mistari 14) za Petrarch, mshairi wa Italia wa karne ya 14, ndiye aliyetunga soneti za mapenzi akizitia kinywani mwa Teresa de Meun, mwanamke wa ukoo bora wa Ufaransa aliyembuni yeye mwenyewe. Bila Petrarch, sidhani kama Teresa angezaliwa.

Msimamo wake nao haukuwapendeza wote: vita vilipozuka mwaka 1939 alitangaza kwamba hataandika mashairi ya vita, na mshairi Nathan Alterman akampinga hadharani. Leo sura za wote wawili zimo katika noti za Israeli, Goldberg kwenye ya shekeli 100 na Alterman kwenye ya 200.