Laki moja ya mzee, na sala niliyodhani imejibiwa

Juzi saa saba usiku kijana mmoja wa Ngaramtoni kaniandikia: "Kaka, kama Mungu alijua Adamu atakula, ule mti aliuweka wa nini?" Ni wakala wa pesa kama mimi. Mtu hakosi usingizi kwa ajili ya Adamu, kwa hiyo nikajua kuna noti mahali.

Mdogo wangu, yangu ni haya.

Kibanda changu kiko Moshi, karibu na soko la Mbuyuni. Ilikuwa Januari, na Januari ya huku kwetu mnaijua: Krismasi imekula kila kitu na ada zinasubiri. Nilidaiwa kodi ya kibanda elfu themanini. Asubuhi ya Jumatatu moja nilipiga magoti kabisa, nikasema Bwana, nifungulie njia. Saa nne akaja mzee mmoja wa Uru na bunda la wekundu, zile noti za elfu kumi, limefungwa mpira. "Laki nne hiyo, mrushie mjukuu wangu ada." Foleni ilikuwa ndefu. Nikapitisha kidole gumba pembeni mwa bunda kama mtu anayehesabu, nikarusha, nikaandika kwenye daftari, akasaini, akaondoka. Jioni nafunga hesabu, nikafungua ule mpira: noti hamsini. Nikarudia mara tatu. Hamsini.

Unajua nilisema nini? "Asante Yesu." Sitanii. Kishawishi hakikunijia na mapembe, kilikuja kimevaa sala yangu ya asubuhi.

Na daftari lilikuwa wazi palepale, namba ya mzee kwa mwandiko wangu mwenyewe, shubiri moja kutoka kwenye zile noti. Paulo katika 1 Wakorintho 10:13 anasema Mungu, pamoja na lile jaribu, "atafanya na mlango wa kutokea". Mlango wangu ulikuwa na tarakimu kumi. Nikafunga daftari.

Alhamisi nikalipa kodi. Jumamosi mzee akarudi, kofia mkononi. "Kijana, hukuona laki ya ziada?" Nikamjibu, "Hapana, mzee." Lilinitoka kirahisi kuliko nilivyodhani, na mpaka leo linaniogopesha kuliko hata zile hela.

Sasa, mimi ni Mlutheri wa Machame, mke wangu Mkatoliki wa Kibosho. Tukisali Baba Yetu jioni, kuna mahali sauti zetu huachana: mimi "usitutie majaribuni", yeye "usitutie katika kishawishi". Tulizoea kucheka. Baadaye nikajifunza kwamba kwenye Kigiriki ni neno moja tu, peirasmos, linabeba yote mawili. Basi laki ileile ilikuwa jaribu na ilikuwa kishawishi. Yakobo 1 anatenganisha vizuri: Mungu "hamjaribu mtu" kwa maovu, kila mmoja huvutwa na tamaa yake mwenyewe. Mungu hakuchomeka noti kumi kwenye lile bunda. Mzee alikosea kuhesabu, na tamaa ilikuwa yangu.

Kwa nini basi hakunizuia mkono? Ile mashine ya kuhesabia noti benki haiibi hata senti, lakini sijasikia mtu akiisifu kwa uaminifu. Augustino, yule askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alishikilia hilo: bila hiari mtu hawezi kutenda haki. Yeye mwenyewe aliungama kwamba ujanani aliiba mapeasi na wenzake, na hakuwa na njaa. Angalau mimi nilikuwa na kodi. (Mnaona? Bado najitetea.) Anayeiba kwa sababu watoto hawajala, swali lake ni zito kuliko langu, sitalijibu kwa laki moja.

Wiki ya tatu nikiwa kwenye Baba Yetu, nilipofika pale pa majaribuni sauti ikakata. Mke wangu akamalizia peke yake. Kesho yake nikapanda Uru na laki ya kukopa, nikamwambia mzee yote.

Nilitegemea machozi na kukumbatiana. Mzee alihesabu hela, akasema "sawa", akaingia ndani. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kanisani, nikavuliwa uweka hazina wa kwaya. Miaka sita sikupoteza hata mia ya kwaya! Na wasingejua kitu kama nisingeungama. Nimewasamehe, lakini uniforomu ya kwaya bado inaning'inia kabatini na sijaivaa tena.

Kwa hiyo ndugu zangu, nyie mnaotaka biashara ikue, hesabu noti mbele ya mteja. Ukikuta ziada, piga simu saa ileile. Siyo kesho, saa ileile! Jumatatu ningepoteza vocha ya mia tano. Wiki ya tatu nilipoteza jina. Musa aliwaambia Israeli katika Kumbukumbu la Torati 30, uzima na mauti viko mbele yako, "basi chagua uzima". Hakusema kafunge siku tatu kwanza ndipo uchague. Wewe wa Ngaramtoni, namba unayo. Piga!

Yule mzee bado anakuja kwangu, ingawa mtaa ule una mawakala wengine watatu. Anatoa bunda, anaondoa mpira, anahesabu kwa sauti noti moja moja mpaka foleni inaguna. Kisha ananisukumia. "Na wewe hesabu, meku."

Nahesabu kwa sauti.