Maswali ya Wasomaji: Nguzo ya Mwerezi Itakayokaa Juani na Mvuani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimenunua nguzo ya mwerezi yenye upana wa sentimita 15 kila upande na urefu wa mita 2.5, ambayo ninataka kuisimamisha mbele ya nyumba ili ibebe taa na kibao cha jina. Kwa sasa imelala barazani na haijapakwa chochote. Fundi aliyeichonga ananishauri niipige vanishi ya sakafu mikono minne au mitano ili maji yasipate pa kuingilia, na jirani yangu anashikilia kwamba mafuta machafu ya injini ndiyo dawa pekee. Mimi ninaupenda wekundu wa mti huu na nisingependa upotee. Je, nipake nini? — Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kuisimamisha, kwa sababu sehemu mbili za nguzo zinazohitaji kinga kuliko zote, yaani kichwa na kitako, ni rahisi kuzifikia ikiwa imelala na ni taabu kuzifikia ikishasimama. Ushauri wangu ni kwamba uipake mafuta ya mbao ya nje, yale yanayopenya ndani ya nyuzi, yaliyotiwa rangi kidogo ya kahawia au nyekundu pamoja na dawa ya kuzuia kuvu. Vanishi ya sakafu iache, na mafuta ya injini usiyakaribishe kabisa.

Fundi wako hakukosea kusema kwamba maji ndiyo adui; alipokosea ni kudhani kwamba utando mgumu utayazuia daima. Vanishi ya sakafu imetengenezwa ili istahimili viatu, na kwa hiyo hukauka ikawa ngumu, ilhali mbao iliyo nje hutanuka inaponyonya unyevu na kusinyaa inapokauka, mwaka hadi mwaka bila kupumzika. Utando usioweza kunyumbuka pamoja nayo hupasuka, na maji yakishapenya katika ufa mwembamba kama unywele hujikuta yamefungiwa humo, kwa kuwa utando uleule uliokusudiwa kuyazuia yasiingie sasa unayazuia yasitoke. Niliwahi kuipaka nguzo yangu mwenyewe vanishi ya aina hiyo, na kwa miezi mingi iling'aa kiasi cha kuwafanya wageni wasimame kuitazama. Baadaye upande unaopigwa na jua la mchana ulianza kuota mabaka meupe; nilipoingiza ukucha chini ya baka moja, ganda lilibanduka zima, jembamba na kavu kama ngozi ya kitunguu, na mbao iliyokuwa chini yake ilikuwa na madoa meusi na bado ilikuwa na ubichi wa mvua iliyonyesha siku kadhaa nyuma. Ilinibidi kuikwangua yote hadi kwenye mbao tupu, kazi ambayo simtakii mtu yeyote.

Ndiyo maana mtu anapotaka kuchagua kinga ya mbao ya nje, mimi humwomba aulize kwanza jinsi itakavyochakaa. Vanishi huchakaa kwa kubanduka vipande vipande, na huwezi kuirekebisha bila kuiondoa. Mafuta ya kupenya huchakaa kwa kufifia polepole. Ukifika wakati wake unasafisha, unaacha ikauke, unapaka mkono mmoja mwingine, basi. Zipo vanishi za mashua, ambazo hunyumbuka na zina dawa ya kukinga miale ya jua, nazo ni bora mno kuliko ile ya sakafu, lakini hata hizo hudai upasaji wa msasa na mkono mpya kila baada ya mwaka mmoja au miwili mahali penye jua kali. Ikiwa unapenda mng'ao kiasi cha kuikubali ratiba hiyo bila kukosa, sitakukataza.

Kuhusu mafuta machafu ya injini, ninajua kwamba wengi huyatumia kwa nia njema, hasa wakiogopa mchwa. Mafuta hayo hayakauki, huchafua nguo na mikono ya kila anayeegemea nguzo, yamebeba metali na masizi ya injini ambayo mvua huyashusha udongoni, na zaidi ya hayo yatauzika wekundu unaoupenda chini ya weusi usiofutika. Mafuta ya kitani matupu nayo, ingawa hunukia vizuri na huipendezesha mbao siku ya kwanza, hayana kitu cha kuzuia miale ya jua, na kuvu huyafanya chakula, ndiyo sababu mbao nyingi zilizopakwa mafuta hayo nje ya nyumba huishia kuwa nyeusi.

Sasa tuje kwenye rangi yenyewe. Kinachoufuta wekundu wa mwerezi ni miale ya urujuanimno, yaani ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo huivunja lignini, gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti. Mvua husafisha mabaki, na uso unabaki wa kijivu. Kinga isiyo na rangi yoyote, iwe ya mafuta au ya maji, huipitisha miale hiyo kwa wingi, na kwa hiyo hudumu kwa muda mfupi kuliko zote. Chembechembe za rangi ndizo kivuli cha mbao: kadiri zinavyozidi, ndivyo nyuzi zinavyofichika na ndivyo kinga inavyodumu. Mafuta yenye rangi ya wastani, ambayo bado yanakuruhusu kuona mistari ya mti, kwa kawaida hukaa miaka miwili hadi minne, na upande unaotazama jua ndio utakaokuonya kwanza. Rangi ya kijivu peke yake, kwa upande mwingine, si kuoza. Mbao laini zilizoachwa tupu hupoteza takriban milimita 6 tu za uso wake kwa karne nzima, na ingawa mwerezi kwa wepesi wake unaweza kupoteza zaidi, nguzo ya sentimita 15 haitaisha kwa jua.

Kuoza ni jambo jingine, na hapa lazima uukague mti wako. Jina la mwerezi hubeba miti kadhaa isiyo ya jamii moja: mwerezi wa Lebanoni, ambao ni Cedrus hasa, mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, Thuja plicata, na hata mtarakwa wa Afrika Mashariki, Juniperus procera. Sifa yao ya kutooza haraka hutokana na kemikali za asili zinazowachukiza kuvu na wadudu wengi, lakini kemikali hizo zimo katika kiini cha mti tu, ile sehemu nyekundu au ya kahawia. Ukanda mweupe unaopakana na gamba huoza kama mti mwingine wowote. Igeuze nguzo yako, uzitazame pembe zake nne. Ukikuta pembe nyeupe, hakikisha walau kwamba haitaingia ardhini bila dawa.

Kabla ya kupaka, mbao iwe kavu, unyevu wake usizidi asilimia 15 hivi. Ikiwa huna kipimo cha unyevu, iache mahali penye kivuli na hewa kwa wiki kadhaa. Uso uliopigwa randa ya mashine huwa umelainika mno hata mafuta hayapenyi, kwa hiyo upitishe msasa namba 80 kufuata nyuzi, ufute vumbi, kisha upake kwa brashi ukiwa kivulini. Acha mafuta yanywewe kwa dakika 15 au 20, halafu ufute yote yaliyobaki juu, maana yakiachwa hugeuka utando wa kunata. Vitambaa ulivyofutia usivikunje wala kuvirundika; mafuta yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka moto lenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa.

Kichwa cha nguzo ndiyo sehemu ambayo ningekuomba uitendee kwa upole wa pekee. Mti hunywa maji kupitia ncha zilizokatwa mara 10 au zaidi kuliko kupitia ubavuni, kwa sababu hapo mirija yake yote imefunguka. Kikate kiwe na mteremko, kipake mafuta tena na tena hadi kikatae kunywa, kisha ukivike kofia ya shaba au ya bati inayochomoza kidogo kila upande. Kofia hiyo itakufaa kuliko mkono wowote wa vanishi.

Kitako nacho, ikiwezekana, kisiguse udongo kabisa: kikalie kishikio cha chuma kilichozamishwa katika zege, na kiachwe sentimita 2 au 3 juu ya zege hilo ili hewa ipite. Ikiwa ni lazima uichimbie, jua kwamba nguzo huanza kuoza pale inapokutana na uso wa ardhi, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa hukutana. Sehemu itakayozikwa, na sentimita 15 juu yake, ipakwe dawa ya mbao iliyotengenezwa kwa ajili ya kugusa udongo, kama vile naftenati ya shaba, nawe uvae glavu. Chini ya kitako weka kokoto ili maji yatiririke, na ukimimina zege kuizunguka, uso wa zege uteremkie nje.

SWALI: Nguzo yangu ya mwerezi niliipaka rangi nyeupe ya maji, na sasa imetoa michirizi ya kahawia, pamoja na madoa meusi kuzunguka misumari. Je, ni kuoza? — Msomaji mwingine

JIBU: Sio kuoza. Michirizi ya kahawia ni tanini, kemikali ya asili ya mti, ambayo huyeyuka katika maji na kupanda hadi juu ya rangi. Ioshe, iache ikauke, piga praima maalumu ya kuzuia madoa, kisha urudie rangi mikono miwili. Madoa meusi yanatokana na tanini hiyohiyo ikikutana na chuma. Ng'oa misumari ya kawaida, uweke ya chuma kisichoshika kutu. Mbao iliyo tupu husafishika kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa majini, ambayo ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na uisuuze mbao kwa maji mengi kabla ya kupaka chochote.